Magurudumu Manne na Farasi Mmoja

Jumatano, 7 Januari

Gari limefika! Magurudumu yote manne yanavuta. Nimelilipia kwa farasi wetu jike, basi. Matairi ya theluji yaliyokuja na gari nimeyabadilisha kwa taa za juu ya paa. Gari linalovuta kwa yote manne, matairi yenye meno ya nini? Nurzat, mke wangu, kaniuliza swali moja tu: kiangazi gari hukamuliwa maziwa kama farasi? Kisha akanuna.

Ijumaa, 9 Januari

Mpango! Mkwe wa mzee Toktosun yuko hospitalini, anasubiri kujifungua. Mzee yuko na kondoo ng'ambo ya mlima, simu haipatikani. Wa kwanza kumfikishia habari njema hupewa suyunchu, na mzee ameapa zawadi yenyewe ni farasi jike. Nurzat atapata farasi, mimi nitabaki na gari. Akili hii sijui niliitoa wapi!

Jirani Sagynbek naye atakwenda. Kwa farasi! Eti ananishauri nifunge minyororo magurudumuni. Nikamwambia minyororo ni ya mbwa.

Jumapili, 11 Januari

Mtoto wa kiume! Nilimpita Sagynbek darajani, nikampigia honi. Gari lilipanda mlima bila hata kukohoa. Kileleni nikaimba.

Kisha mteremko. Nikakanyaga breki. Magurudumu yote manne yakateleza pamoja, kwa umoja wa ajabu, mpaka ndani ya lundo la theluji. Mlango haukufunguka.

Sagynbek akatokea, polepole. Akainama dirishani.

"Vipi jirani, yote manne yamelala?"

Nikamsihi anivute. Akasema akianza kunivuta mimi, mtoto atatembea kabla babu yake hajajua amezaliwa. Akaenda zake.

Jumatatu, 12 Januari

Jana mzee mwenyewe ndiye aliyekuja kunitoa. Sagynbek alikuwa nyuma yake, akimwongoza farasi wa zawadi. Farasi wetu! Yule aliyeniuzia gari alishamuuza kwa mzee. Farasi alinitambua, akanigeuzia mkia.

Nurzat alilia. Roho iliniuma sana.

Jumatano, 14 Januari

Nimegundua kosa: manne ni machache! Kuna mtu mjini anauza lori kuukuu la jeshi. Magurudumu sita, yote yanavuta. Breki ni dhaifu kidogo, lakini haja yangu ni kwenda, si kusimama. Anataka ng'ombe tu.

Nurzat yuko kwa Sagynbek, anamlisha farasi mkate. Nimeshamfungua ng'ombe.