Ndizi Tatu za Odell

Jumanne, 18 Aprili

Na bado nasema, mwanamume aliyeoa siku ishirini na tano tu hana haki ya kuwa na Jumamosi zake mwenyewe! Jumamosi ni zetu. Nilifikiri hilo limo ndani ya kiapo.

Weldon wangu! Leo asubuhi kanipakia siagi kwenye mkate mpaka pembeni kabisa, bila kuombwa. Nani mwingine Alabama nzima ana mume wa namna hii? Nilimtazama akitafuna nikajisikia kulia.

Tatizo ni Odell. Wamekuwa marafiki tangu wana miaka sita, na kila Jumamosi wako Ziwa Hatchett wakivua samaki wa besi, kisha wanawarudisha majini. Wanavua, wanarudisha. Ningeweza kufanya hivyo hivyo na Weldon, tena nikiwa nimevaa kofia nzuri zaidi.

Jumamosi hii ni mashindano ya klabu. Watu wawili kila boti, samaki watano, uzito ndio unaoamua. Weldon na Odell wamekuwa wa pili miaka mitatu mfululizo. Niliuliza kama naweza kwenda. Weldon akanibusu kwenye paji la uso, akasema kiti kile ni cha Odell. Nimeshakishonea mto wa maua kiti kile!

Wakati wa kuosha vyombo akanieleza miiko ya boti. Mkubwa kuliko yote: ndizi hazipandi botini. Ni mkosi. Marehemu baba yake aliwahi kugeuza boti katikati ya ziwa kwa sababu shangazi alibeba mkate wa ndizi. Nilicheka. Weldon hakucheka hata kidogo.

Nimepata wazo.

Jumatano, 19 Aprili

Mpango ni huu. Ndizi tatu ndani ya kisanduku cha ndoana cha Odell. Jumamosi asubuhi pale gatini Weldon hukagua kila kitu kabla ya kushusha boti. Anafungua, anaona, anamtimua Odell. Nani anasimama karibu, amevaa kofia yake mpya? Mimi!

Odell alikuja kula chakula cha jioni na kisanduku chake, akakiacha barazani. Nikatoka kana kwamba naenda kumwita paka. Hatuna paka. Nikazifukia ndizi chini kabisa, chini ya nyungunyungu wake wa plastiki wa chambo.

Odell akasifu kuku wangu, akaongeza kipande cha tatu, kisha akauliza, "Shemeji, mbona unatabasamu peke yako?" Nikasema ni ndoa.

Alhamisi, 20 Aprili

Balaa!

Weldon karudi kutoka kiwandani uso umemshuka. Wenzake wawili wanaumwa, msimamizi kampangia zamu ya Jumamosi. Aliketi ngazini hata viatu hakuvua. Miaka mitatu wa pili, akasema, na mwaka huu nilikuwa nauona mkono wangu kwenye kikombe.

Halafu akainua kichwa. Macho yakang'aa (macho yale!). Akasema fomu imeandikwa jina la ukoo tu, na jina la ukoo sasa ni langu pia. "Nenda wewe na Odell, mpenzi. Niletee kile kikombe."

Nilimkumbatia. Ndipo nikakumbuka ndizi.

Nikampigia Odell nikamwomba aniletee kisanduku nikipange vizuri. Akasema hakuna mkono utakaogusa kisanduku chake kabla ya mashindano, hata mkono wa Bibi Weldon. Keshakifungia ndani ya boti, uani kwake.

Nimemuwekea mume wangu mkosi kwa mikono yangu mwenyewe. Siku ya ishirini na saba ya ndoa!

Ijumaa, 21 Aprili

Sikula. Weldon alinifundisha kurusha mshipi nyuma ya nyumba. Alisimama nyuma yangu, mikono yake juu ya mikono yangu, kidevu chake begani kwangu. Nikarusha. Nikanasa shati lake la kazi kwenye kamba ya nguo, nikalichana kuanzia kola hadi mfukoni. Akasema nina nguvu nzuri ya bega.

Sistahili mwanamume huyu. Kesho nitazitoa ndizi zile hata kama ni kwa meno.

Jumamosi, 22 Aprili

Naandika nikiwa na nguo kavu, na taulo kichwani.

Mashine ya boti ilikataa kuwaka mara nne. Odell akaitazama kama mtu aliyetukanwa. Nikajua ni ndizi.

Kisha ziwani. Kila Odell alipogusa kisanduku nilipiga kelele. Mara samaki yule! Mara nyoka! Mara ya tano akasema, "Shemeji, ukiona nyoka mwingine, mwambie apange foleni." Saa zikaenda. Hakuna hata besi mmoja aliyegusa chambo. Jua likawa kali, na kisanduku kikaanza kunuka.

Odell akanusa. Akauliza ni harufu gani hiyo. Nikasema ni mafuta yangu ya mikono. Akabadilika rangi: mafuta ya nini? Nikasema ya mananasi. Akafikiri, akaniambia mananasi hayana neno.

Basi alipogeuka kufungua mshipi wake uliokwama kwenye magugu, nikakirukia kisanduku. Nikafungua, nikafukua, nikazipata. Zimekuwa nyeusi, laini. Kutupa siwezi, maganda yataelea. Mbili nikazila palepale, maganda nikayasukuma ndani ya buti. Ya tatu sikuiweza. Nikaificha chini ya mto wa maua, nikaikalia.

Na papo hapo samaki wakaanza! Odell mmoja, Odell wa pili, mimi mmoja, yeye tena. Kila aliyenaswa aliingia kwenye tangi la maji mle mle botini, mzima mzima. Kisha mshipi wangu ukavutwa nusura uniingize ziwani. "Simama!" Odell akapaza sauti. "Simama, shemeji, vuta ukiwa umesimama!"

Sikutaka kusimama. Nilivuta nimeketi mpaka mgongo ukalia. Mwishowe nikasimama, kwa ajili ya Weldon. Odell akamwingiza samaki wavuni: ratili saba! Mdomo mpana hata ngumi ingepita! Nikaruka kwa furaha, nikageuka.

Odell akauona uji mweusi ukitoka chini ya mto. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, nimekalia nini.

Nikasema yote. Baraza, kisanduku, paka asiyekuwepo, Jumamosi zangu. Nililia mpaka kofia ikaanguka majini. Odell alikuwa ameshika ukingo wa boti kwa mikono miwili. Akauliza zimekuwemo tangu lini. Nikasema tangu Jumatano. Akasema amelala na ndizi uani kwake siku tatu, na mama yake yumo ndani ya nyumba hiyo.

Tulikuwa na ratili kumi na tisa tangini. Hawajawahi kufikisha kumi na tisa. Nilichotakiwa kusema ni twende kwenye mizani, lakini Odell akasema boti yenye ndizi haiendi mbele ya mizani. Ni lazima isafishwe. Akasugua kiti. Akasugua kisanduku. Akaosha nyungunyungu wa plastiki mmoja mmoja. Mto wangu wa maua aliufua kama nepi. Maganda kayazika ufukweni. Mimi nikaambiwa niingie majini hadi kiunoni na kukaa humo mpaka aridhike.

Tulifika mizani tumechelewa dakika nne. Kila dakika hukatwa ratili moja. Kumi na tano. Waliotangulia walikuwa na kumi na tano na nusu.

Wa pili. Mwaka wa nne!

Weldon alikuwa pale, katoka kazini mbio, mavumbi ya kiwandani kichwani. Akauliza tumechelewaje, na mbona mimi nimelowa. Odell akanitazama, akatazama ziwa, akasema mashine ilisumbua, shemeji akashuka kuisukuma boti. Weldon akanibeba juu juu mbele ya klabu nzima.

Baadaye Odell alinivuta pembeni. Akasema bila ndizi tungeshinda. Nikasema bila kusugua tungeshinda. Akaniapisha: ndizi tena, kamwe.

Niliapa.

Jumapili, 23 Aprili

Weldon anajivunia samaki wangu mpaka kanisani! Ametangaza kwamba kuanzia sasa kila Jumamosi tutavua sote watatu. Ataongeza kiti. Nimepata nilichokitaka, na Odell akiwa katikati yake.

Lakini Odell ni mtu mwema, jana nimeona. Anachokosa ni mke. Akipata mke atakuwa na Jumamosi zake, nasi zetu. Na binamu yangu Twyla anaishi kando ya ziwa jingine, saa mbili tu kutoka hapa!

Nimempigia. Amefurahi, akauliza apike nini. Nimemwambia apike kile kinachomletea ushindi kila mwaka kwenye karamu ya kanisa: pudini yake ya ndizi, bakuli kubwa. Akasema itapendeza zaidi tukiila katikati ya maji, mimi na Weldon, yeye na Odell. Mahaba gani hayo! Na ndizi iliyopikwa si ndizi tena, kila mtu anajua. Sitawaambia wanaume, iwe ajabu yao.

Nimemuahidi Twyla: Jumamosi ijayo, kabla mwezi haujaisha, tutafika kwako sote watatu, na boti tutaivuta kwenye tela.