Honi za Sinema Sebuleni Lipangalala

Jumatatu, 14 Julai 2025

Zimefika! Honi mbili za sinema, zile spika zenye mdomo wa tarumbeta, pamoja na masanduku yake, kutoka ukumbi wa zamani wa wafanyakazi kule kwenye mashamba ya miwa, nilikokuwa karani wa stoo. Mzee Yoramu, aliyekuwa akiendesha mashine ya picha, alizitunza tangu ukumbi ulipofungwa. Nimempa baiskeli yangu. Kapiga kengele mara tatu, kaondoka upesi mno. Kwa nini upesi? Sijaelewa.

Kila sanduku ni kubwa kuliko kabati la nguo. Honi inakaa juu yake, na mdomo wake unameza kichwa changu na bega moja. Nimejaribu. Ndani kuna baridi na harufu ya popo.

Sanduku limekataa kupita mlangoni. Nimeng'oa mlango na fremu. Digna, mke wangu, karudi sokoni kakuta nyumba iko wazi kama banda la mnada. Kanikumbusha kwamba Jumamosi jumuiya inasali kwetu. Zamu yetu ilipangwa Januari, ikaahirishwa kwa mvua, kisha kwa msiba. Mapazia kafua mara mbili. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, siku tano ni nyingi.

Jumanne, 15 Julai

Niandike sababu, wajukuu wasije kusema babu alichanganyikiwa. Nikiwa kijana, niliketi mstari wa mbele pale ukumbini nikamsikia mwigizaji akivuta pumzi kabla ya kusema. Pumzi! Tangu hapo hakuna redio iliyonipa pumzi. Sabufa ya jirani Beatus haina pumzi, ina taa. Nyekundu, kijani, zinacheza. Huipiga kila jioni ili nisisahau kwamba anayo.

Beatus kaja kutazama. Kazunguka masanduku, kauliza kama tunafuga nyuki siku hizi. Nimecheka kwa adabu. Mwenye wivu ajinyonge.

Fundi Kija wa mtaa wa Viwanja Sitini kaja na amplifaya ndogo kama Biblia. Nikalalamika. Akasema honi hizi hazitaki nguvu, zinataka kubembelezwa. Akafungua sauti kidogo, alama moja tu. Sauti ya msoma habari wa redio ikatoka, mbuzi wawili wa Beatus wakakata kamba.

Jumatano, 16 Julai

Tatizo. Sauti nene inatoka chini, nyembamba inatoka juu, na hazijuani. Mwimbaji ana kifua sakafuni na kichwa darini. Kija anasema zilitengenezwa kwa ukumbi, msikilizaji akae mbali ndipo sauti zikutane.

Nikachukua kiti, nikarudi nyuma hatua kwa hatua. Nikapita pasipo na mlango. Nikapita uani. Zikakutana! Mahali penyewe ni kwa Beatus, kati ya banda la mbuzi na kamba ya nguo. Nikaketi. Beatus akatoka, akauliza kulikoni. Nikasema nimekuja kumjulia hali. Hatujajuliana hali tangu Pasaka. Akaniletea chai, maskini, akaanza kunieleza habari za mgongo wake. Sikusikia neno.

Jioni Digna kasema Mama Brigitha, mwenyekiti wa jumuiya, kaambiwa nyumba yetu haina mlango. Sebule isipokuwa tayari, sala zitahamia kwa Beatus. Sauti ya Digna ilitetemeka. Nimeona aibu, ya kweli kabisa. Nimeapa kwamba mlango utarudi, sebule itakuwa safi, na honi zitaimba wimbo mmoja mtakatifu. Kakubali. Ila tukiaibika, honi zinatoka na hazirudi.

Alhamisi, 17 Julai

Kija anasema sauti nene inapiga kelele kwa sababu sanduku ni tupu. Nigongomelee blanketi kuukuu kwenye ukuta wa nyuma, moja kila sanduku, basi. Digna hatoi blanketi, kuna baridi.

Lakini blanketi ni nini? Ni kitu chepesi chenye hewa ndani. Na Ifakara nzima, msimu huu, bure, vilima kwa vilima, kuna nini chepesi chenye hewa? Pumba za mpunga! Nimebeba viroba sita kutoka mashine ya kukoboa. Kija alisema kidogo. Lakini kama kidogo ni dawa, kingi ni hospitali. Nimejaza masanduku mpaka juu. Chini kila sanduku lina tundu kubwa la kupumulia. Nimeliziba kwa gazeti na gundi. Nimegonga ubao. Kimya kizito! Sijamwambia Kija. Atashangaa mwenyewe.

Ijumaa, 18 Julai

Mlango umerudi. Kitasa kiko juu kidogo, lakini umerudi.

Nimejaribu wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini. Digna akapita na ndoo kichwani, akasimama. Akauliza nani anahema humu ndani. Nikamwambia ni mwimbaji, anavuta pumzi kabla ya kiitikio. Akatua ndoo. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema yule mama wa pili ana mafua. Nilifurahi hadi machozi.

Kuku wanazunguka masanduku tangu asubuhi. Sijui wanataka nini.

Jumamosi, 19 Julai

Watu ishirini na wawili. Mama Brigitha mbele kabisa, kilemba cheupe. Beatus pembeni yake. Somo, maombi, kisha Digna kanipa ishara. Nikafikiri, watu wengi hivi, niongeze alama mbili.

Wimbo unaanza kwa ngoma. Pigo la kwanza, magazeti yakapasuka. Pigo la pili, pumba. Kulia na kushoto kwa pamoja, hakuna aliyependelewa. Mama Brigitha akapotea. Alipoonekana tena alikuwa rangi ya gunia. Kuku wakaingia. Beatus alikohoa mpaka akakosa nafasi ya kucheka, na hilo tu lilinifariji.

Digna alifunika uso kwa khanga. Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha Mama Brigitha akajipangusa paji la uso, akasema kumbe mwaka huu Jumatano ya Majivu imekuja mara mbili. Wakaangua kicheko, na Digna akacheka. Tukafagia wote. Kija, aliyekuja naye kusikiliza, akapunguza sauti, akaurudia wimbo. Ile pumzi ikapita sebuleni. Mama Brigitha akaomba urudiwe tena.

Jumapili, 20 Julai

Honi zinabaki! Digna mwenyewe katoa mablanketi mawili, Kija kayagongomelea. Sauti safi, inanikuta hapa hapa kwenye kiti changu. Digna kaniomba jambo moja tu, nisiguse tena. Kampigia simu mama yake aliyeko Malinyi, aje Ijumaa asikie watu wakivuta pumzi.

Nimetafakari Misa nzima. Kosa langu halikuwa kujaza. Kosa lilikuwa pumba, kwa sababu zina vumbi. Kinachotakiwa ni sufi. Na kwenye chumba cha wageni kuna godoro la sufi, lile ambalo mama mkwe akija hakubali kulalia jingine. Digna alipokwenda kuteka maji nimelipasua upande mmoja, kwa wembe, taratibu kabisa. Nimetoa mablanketi. Sanduku la kulia limejaa vizuri sana. La kushoto limefika nusu. Naenda kuangalia mito ya kulalia.