Ombi la Kumfelisha Binti Yangu Hisabati ya Mwaka wa Tatu

Ndugu Mkuu wa Idara ya Hisabati,

Natumaini u mzima, na kazi yako ya kuchunguza vitu visivyoonekana inakwenda vyema. Mimi ni seremala, baba wa yule binti mwenye miwani ambaye mnaye mwaka wa tatu sasa. Niliwaletea mtoto aliyejua kupiga randa, kupima pembe na kunyamaza anapoongea mkubwa. Kati ya hayo matatu mmeniachia mawili, na hayo mawili hana tena nafasi nayo. Sina ugomvi na mtu. Nina malalamiko tu, nayo ni haya:

1. Likizo iliyopita, mwenye mgahawa wa pale kona alilalamika kwamba meza niliyomtengenezea inacheza. Meza ikicheza, dawa yake tangu enzi za marehemu baba ni moja: unapunguza mguu mmoja, halafu wa pili, halafu unaurudia ule wa kwanza, na mteja analiona jasho lako. Kweli, zipo meza zilizoishia kuwa vigoda, lakini zilitulia. Binti yangu akaingia mgahawani bila hata msumeno, akaizungusha meza palepale ilipo, kidogo tu, ikasimama tuli. Ati imethibitishwa: miguu ikiwa sawa, na sakafu ikiwa na mabonde lakini haina ngazi wala mipasuko, ukizungusha lazima ufike mahali ambapo miguu yote minne inakanyaga. Sasa mtaa mzima unazungusha meza, na randa yangu inalala ndani.

2. Nilimtuma skrubu ndefu. Nina visanduku kumi na viwili na aina kumi na tatu za skrubu, zote zimo humo. Alirudi mikono mitupu, anameremeta kama aliyeokota dhahabu, akanieleza kwamba ni lazima kiwepo kisanduku chenye aina zaidi ya moja. Nikamuuliza ni kipi. Akasema hoja yake haihitaji kujua ni kipi. Jamani! Muda wote huo mteja alikuwa amesimama ameshikilia mlango wake kwa mikono miwili.

3. Nilifungua daftari lake la somo mnaloliita aljebra dhahania. Kurasa arobaini, na tarakimu pekee nilizoziona ni namba za kurasa. Shangazi yake, aliyekuwa akitamba kwa majirani kwamba ukoo umepata bingwa wa hesabu, alimwomba mbele ya wageni azidishe kumi na saba kwa nane. Mtoto akatoa simu. Shangazi akainama kufunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe havikuwa na kamba.

4. Nyumbani hapasemeki tena. Mama yake alimwambia kwamba wasichana wote wa rika lake hapa mtaani wameshaolewa. Angenuna kama watoto wa wenzetu, tungeelewana. Yeye akamtaja mmoja tu ambaye hajaolewa, dada wa fundi viatu, akasema huyo peke yake anatosha kuiangusha hoja nzima, akaendelea kula. Mke wangu ameshinda kila ugomvi tangu nimuoe, tena bila kutoa jasho. Siku hiyo alikwenda kulala mapema.

5. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Wiki iliyopita mlimwandikia kwamba akifaulu mitihani ya mwisho abaki huko kwa shahada ya pili, huku akifundisha. Ndugu yangu, mimi nimeshaandikisha kibao kipya cha karakana: "Fundi na Binti". Hata rangi imekauka. Nikamuuliza hisabati hii ya juu inamwandaa mtu kufanya nini. Akafikiri sana, maana siku hizi hajibu kitu bila kufikiri, akasema inamwandaa kuwafundisha wengine hisabati ya juu. Loo! Yaani mnachimba kisima ili mpate udongo wa kufukia kisima. Na mimi nibaki na nani? Tangu akiwa na miaka sita yeye ndiye anayeshika ncha ya pili ya ubao nikikata. Nasema wazi, nitamkosa, na karakana itakuwa kubwa mno kwa mtu mmoja.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima na taadhima, mumfelishe. Sisemi masomo yote, mimi si katili. Moja tu, lolote lililo karibu na mkono. Kufeli hakuui: mimi nilifeli hesabu darasa la saba, na tazama nilivyonyooka. Mkiona haya kumfelisha peke yake, felisheni darasa zima. Wazazi wenzangu watawashukuru kimoyomoyo. Na sheria ikikataa, basi thibitisheni tu kwamba kufeli kwake kupo, hata msiponionyesha kuko wapi. Nimeambiwa mnaweza.

Wasalimie walimu wenzako wote, katibu muhtasi wako, na bawabu wa getini ambaye kila nikija ananiuliza nimekuja kutengeneza nini. Mama yake binti anawasalimu pia, ingawa kwa shingo upande.

Wako katika kungoja matokeo mabaya,
Seremala, baba wa mwanafunzi

N.B. Jana nilikuja na barua hii nikukabidhi mkononi. Nikaambiwa uko ukumbini, nikaingia kwa mlango wa nyuma. Kumbe aliyesimama ubaoni ni binti yangu, na wewe mwenyewe umekaa mstari wa mbele, unaandika anayoyasema. Saa nzima sikuambulia hata neno. Ila niliona ulipomtupia swali ukidhani umemkamata, naye akakujibu taratibu, nawe ukafuta ulichokuwa umeandika. Machozi yalinitoka, sitaficha, nikaondoka kabla hajageuka. Barua naituma kwa kuwa nimeinakili mara tatu na kuitupa siwezi, lakini ombi lenyewe lifute. Jambo moja tu: ubao wenu mmeutundika juu mno, akiandika mistari ya juu anasimama kwa ncha za vidole. Jumamosi nitaleta kijukwaa cha kusimamia. Nakitengeneza kwa mbao ngumu, maana naona atasimama hapo miaka mingi.