Koti Nililolivua Mbele ya Mkaguzi

Leo nimejivua heshima kwa mikono yangu mwenyewe, tena kwa Kiingereza.

Mnajua bado nafundisha Ruiru kwa majaribio. Mkaguzi akiridhika, naajiriwa. Asiporidhika, narudi kwa mama kupalilia mahindi, mimi na shahada yangu. Somo la leo lilikuwa vile vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili, kama “take off” na “put down”, viingizwe kwenye sentensi zenye “which”. Sheria ya shule: kila unachotamka, ukitende. (Nani aliamua hivyo? Niliuliza. Niliambiwa nifundishe.)

Jana nililifanyia somo hili mazoezi na darasa la sita. Kila mwalimu hufanya mazoezi kabla ya ukaguzi, na kila mwalimu hukana.

Asubuhi nikapiga pasi. Kaa la moto likaruka, likatua mgongoni mwa shati. Tundu la kupitisha kichwa cha mbuzi! Shati lingine lilikuwa kwenye kamba, limelowa. Nikavaa koti, nikaendesha baiskeli kutoka Thika na jua likinipika. Nikajiambia: sentensi ya koti nitairuka. Nani atajua?

Mkaguzi, mzee mpole mwenye miwani, akaketi nyuma. Nikaweka kitabu mezani. “This is the book which I have put down!” Darasa likaitikia. Nikaokota chaki. Safi. Nikaelekea dirishani.

“Mwalimu, umeruka koti!” Huyo ni Wanjiru wa dawati la mbele, mwerevu kupita kiasi.

“Keti, Wanjiru.”

“Lakini jana ulivua koti baada ya chaki!”

“Ndiyo, mwalimu! Koti!” Darasa zima.

Mkaguzi akainua macho. “Jana?”

Nikaanza kufuta ubao. (Haukuwa na kitu.)

“Basi vua, mwalimu. Tusiwavunje watoto moyo.”

Nikavua, mgongo nimeuelekeza ubaoni. “This is the jacket which I have taken off.” Nikadhani nimeokoka.

“Sasa anageuka kulitundika kwenye msumari,” Wanjiru akamweleza mkaguzi, kama anayemwongoza mgeni kanisani.

Nikajaribu kulitundika kinyumenyume. Likaanguka nyuma yangu. Nikageuka, nikainama kuliokota. Ngai!

“Uuui! Mwalimu, shati imekuliwa na panya?”

“Si panya, wewe! Ni moto!”

Walicheka mpaka darasa la jirani likaja mlangoni. Mkaguzi hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma.

“Kijana,” akasema akifunika kalamu yake, “shati si kosa. Lakini nilikuja kuona somo, nimeonyeshwa mchezo. Nitarudi muhula ujao. Siku sikuambii.”

Kwa hiyo bado niko kwenye majaribio. Chekeni tu, sina nguvu ya kuwakataza. Ila mkiwa walimu, mwombeni Mungu awape wanafunzi wanaosahau kidogo.