Ombi la Kujengewa Kilima Mjini Voi

Wundanyi,
Machi, 1956.

Kwa Bwana Mkubwa Msimamizi wa Barabara,

Bwana,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini barua hii itakukuta mzima na umekwisha kunywa chai. Mimi ni Obadiah Mghanga, karani mstaafu wa baraza, mzee wa kanisa, na mwenye lile gari jeusi la kabla ya vita ambalo bila shaka umeliona likiteremka kutoka kwetu, au umelisikia. Nalileta mbele yako lalamiko moja kubwa: Voi ni tambarare mno. Jambo hili waliokutangulia waliliacha hivyo hivyo, wala sikulaumu wewe, lakini sasa linataka kunivunjia harusi ya binti yangu.

Wakesho ndiye mtoto wangu wa pekee. Ataolewa Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, katika kanisa la Voi, na kijana Mkamba aitwaye Mutiso, anayefanya kazi ya reli. Nami nimeahidi mbele ya wakwe kwamba ataletwa kanisani kwa gari la baba yake, na ataondoka kanisani kwa gari la baba yake. Kufika tutafika, maana ni mteremko. Kuondoka ndiko kunakoninyima usingizi. Hoja zangu ni hizi:

1. Hapa Wundanyi gari langu halina ugonjwa wowote. Nalilaza kwenye mteremko juu ya nyumba na jiwe chini ya gurudumu. Asubuhi natoa jiwe, linaanza kushuka, natia gia, naachia klachi, nalo linanguruma kabla sijafika kwa jirani. Lakini likifika Voi nikalizima, basi tena. Nikivuta stata, inakohoa kama mzee aliyeamshwa kwa nguvu, kisha inanyamaza. Sasa Bwana, gari ni lile lile, petroli ni ile ile, dereva ni mimi yule yule. Kilichopungua ni mlima tu.

2. Usidhani sijui mambo ya injini. Betri niliipeleka kutiwa chaji, ikarudi na nguvu zake, haikusaidia kitu. Nyaya nimezifuata kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho. Dereva mmoja wa lori la mkonge aliniambia nitazame plagi, eti gari kuukuu likishuka mlima mrefu hunyonya oili, plagi zikalowa, zikashindwa kutoa cheche. Nilimcheka mbele ya watu. Plagi zangu nazitazama kila asubuhi kabla ya safari, na kila asubuhi zinang'aa kama vijiko vya wageni. Plagi chafu itajiosha yenyewe? Hata Wakesho alipotaka kuniambia habari za plagi, nilimtuma akashughulikie gauni lake. Huyu naye tangu gari lije ananuka petroli kuliko marashi, na majivu ya jikoni yanaisha sijui yanakwenda wapi. Nadhani ni mawazo ya kuolewa.

3. Kuna watakaosema nitumie hendeli, lile chuma la kuzungushia injini kwa mkono. Hendeli ilimrukia mwinjilisti wetu Thadeus na kumtegua mkono, na mpaka leo anahubiri akiwaonyesha waumini mkono mmoja tu. Hiyo tumeiweka chini ya kitanda.

4. Mwezi uliopita mimi na mke wangu Priscilla tuliteremka kwa wakwe kupanga siku. Wakesho alibaki nyumbani, kama ilivyo adabu. Tulikula vizuri, tukapatana vizuri, tukaagana vizuri, kisha gari likakataa kuwaka mbele ya ua wa Mzee Kimeu, babake Mutiso. Vijana wote walikuwa kazini isipokuwa bwana harusi mwenyewe. Huenda hujui, Bwana, kwamba Mkamba aliyelelewa vizuri hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake. Ni heshima. Wakionana njiani, mmoja anaingia porini mwenzake apite. Na mama mkwe alikuwa amekwisha kuketi ndani ya gari, pochi magotini.

Kijana alijitahidi, namsifu. Alitokea nyuma ya ghala akija kinyumenyume, akaegemeza mgongo kwenye gari, akasukuma, uso wake ukitazama Mombasa na gari likielekea Taveta. Priscilla naye alijifunika leso kichwa kizima. Tungefika mahali, lakini mke wangu ana huruma. Alisikia jinsi kijana anavyohema, akaona uzito ni wake, akafungua mlango akashuka ili kumpunguzia mzigo. Mutiso akaona viatu vya mama mkwe hapo kando yake. Alikimbia, Bwana! Aliruka ua wa minyaa, akaingia katika zizi la mbuzi la jirani, na hakutoka mpaka tulipoondoka.

Na kuondoka kwenyewe tuliondoka kwa kuvutwa na ng'ombe. Hao walikuwa ng'ombe wale wale ambao Mzee Kimeu amewatenga kwa ajili ya mahari. Hawakuwa wamewahi kuvuta hata jembe. Tulizunguka nao soko lote, watu wakitupungia mikono, ndipo gari likapiga kishindo na kuwaka. Sijawahi kuona haya kiasi kile, hata siku nilipoanguka mimbarini.

5. Shangazi yake Mutiso, Mama Syombua, ambaye neno lake katika ukoo ule halirudishwi, alishika kiuno akasema, "Gari limekataa kutoka kwetu. Hili ni neno." Ameamua kwamba likituzimikia tena siku ya harusi, mama mkwe akiwa ndani na bwana harusi mlangoni, ndoa itaahirishwa mpaka wazee wakae waelewe maana yake. Mzee Kimeu, mtu mpole sana, alisema tu kwamba ng'ombe watakuwa wamechoka.

6. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, serikali ijenge kilima mbele ya kanisa la Voi kabla ya Pasaka. Si lazima kiwe kikubwa. Udongo upo, hapa Taita tuna milima ya ziada na hatutadai kitu. Nilipofikiri zaidi niliona kwamba gari linaweza kufika chini ya kilima kabla halijawaka, hivyo itabidi kiwepo cha pili. Na kati ya vilima viwili lazima litapatikana bonde, na maharusi hawawezi kuachwa bondeni. Basi nimeona iliyo rahisi na ya haki kwa wote ni kuuinamisha mji mzima wa Voi kidogo, upande wa magharibi uinuke. Reli nayo itafaidika, kwa kuwa gari la moshi litashuka lenyewe mpaka pwani bila makaa. Kurudi kwake sijakufikiria, nawaachia wataalamu.

Bwana, nacheka ninapoandika, lakini sichezi. Nimemlea binti huyu mmoja, na sitaki siku yake ya kuondoka ikumbukwe kwa ng'ombe.

Wasalimie wote wa ofisini kwako, makarani, matarishi, na madereva wa tingatinga, ambao wajitayarishe. Mke wangu anakusalimu, na Mwinjilisti Thadeus anakupungia mkono ule mzima.

Ni mimi mtiifu wako,
Obadiah Mghanga

Baada ya sahihi: Kabla ya kuifunga barua hii niliisoma kwa sauti jikoni, kama desturi yangu, nipate kusifiwa. Priscilla alicheka mpaka akakaa chini. Wakesho hakucheka. Alichukua spana, akatoka, akafungua plagi zilizorudi kutoka Voi jana, akaniletea. Zilikuwa nyeusi tititi, zinachuruzika oili. Akazisugua kwa majivu mbele yangu, akazifuta kwa kitambaa cha petroli, akazikausha kando ya meko, akazirudisha mahali pake, akaniambia nivute stata. Gari likawaka pale pale, jiwe likiwa bado chini ya gurudumu.

Kumbe amekuwa akifanya hivyo kila alfajiri tangu gari lije, naye alinyamaza kwa sababu aliona jinsi ninavyoupenda mteremko wangu. Siku ya harusi amesema atazisafisha mwenyewe nje ya kanisa, shela ikiwa kichwani, na Mama Syombua atazame akitaka. Baada ya hapo spana itabaki kwa mama yake. Mimi hakunipa.

Kwa hiyo, Bwana, kilima hakihitajiki tena, uniwie radhi. Lakini nimekaa hapa na plagi safi na nyumba ninaiona itakavyokuwa kimya. Kama makoleo yalikuwa yamekwisha kutolewa, naomba yafanye kazi nyingine: Voi isogezwe karibu na Wundanyi. Hata kidogo tu.