Mashine ya Povu

Asubuhi hiyo familia nzima ilitangaziwa, kwa sauti ile ile inayotumika kuzindua mapipa ya taka, kwamba tangi la samaki la sebuleni limefikia kiwango cha Usafi Kamilifu. Mtangazaji alikuwa Mkurugenzi wa Usafi mwenyewe, amesimama kando ya tangi akiwa na tai juu ya nguo za kulalia. Familia nzima ilikuwa mkewe, kwa kuwa watoto walishaoa na kuolewa wakaenda zao, na alikuwa anapaka mkate siagi.

"Nitrati, sifuri," alisema Mkurugenzi na kuinua kichupa cha kupimia dirishani. Maji yaliyokuwa ndani, ambayo hugeuka waridi yakikuta uchafu, hayakuwa na rangi hata ya kusingizia. "Fosfati, sifuri. Ndugu wananchi, tumeshinda."

Ndugu wananchi aliweka kisu chini, akaenda kumtazama Bibi Harusi.

Bibi Harusi lilikuwa tumbawe la zambarau lililokaa juu ya jiwe la katikati. Mama huyu alikuwa amelilea tangu lilipokuwa kipande cha ukubwa wa kucha. Alilibandika kwa gundi, akalisogeza taratibu kutoka kivulini hadi kwenye mwanga, na akiulizwa ana watoto wangapi hulihesabu nalo. Sasa lilikuwa limepauka. Zambarau ilibaki kwenye ncha tu, kama rangi ya kucha ya wiki iliyopita.

"Anazidi kuwa mweupe," alisema.

"Sasa ulitaka bibi harusi avae rangi gani?" alijibu Mkurugenzi, akaenda kuoga huku akipiga mluzi.

Ni lazima tumwelewe. Sifuri ndiyo iliyompandisha cheo. Ofisini alikomesha vumbi kwa kufunga madirisha, akakomesha makombo kwa kupiga marufuku chai, akakomesha malalamiko kwa kung'oa sanduku la maoni ukutani, na kila robo mwaka alitoa taarifa yenye sifuri tupu, akapongezwa. Wafanyakazi wake walikuwa watulivu mno. Walipita koridoni wameshika kuta, wala hakuna aliyemsalimia mwenzake kwa sauti. Hali hiyo aliiita nidhamu.

Kwa hiyo mwani kidogo ulipoota kwenye kioo cha tangi, alilitoa mikononi mwa mkewe na kuliweka chini ya uangalizi maalumu. Samaki walipunguziwa chakula hadi wakabaki na cha kuonja. Vijiwe vya kunyonya fosfati vikatiwa majini. Na juu ya yote ikaja mashine ya povu, bomba nene lililosimama nyuma ya tangi, likikoroga maji na hewa hadi povu lipande, libebe kinyesi cha samaki na mabaki yote, limwagikie kwenye kikombe. Mashine hiyo iliunguruma kutwa kucha. Mkurugenzi aliipenda kwa sababu ilifanya kazi kama yeye, bila kupumzika na bila kumsikiliza mtu.

Mkewe alijaribu kumweleza. Alisema hicho anachokiita uchafu ndicho chakula cha matumbawe. Kikizidi, mwani unatamba. Kikikosekana kabisa, matumbawe yanakufa njaa. Yanahitaji kidogo tu, lakini hicho kidogo ni lazima kiwepo. Mkurugenzi alisikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba kwa cheo chake hawezi kutamka hadharani kuwa uchafu ni chakula.

Siku chache baadaye ukazuka utando wa kahawia juu ya mawe, unateleza kama kamasi na umejaa viputo. Mkurugenzi alishuku hujuma. Aliufyonza, ukarudi. Akausugua, ukanenepa. Mkewe akamwambia kwamba utando wa namna hiyo hustawi mahali ambapo wengine wote wamedhoofika. Katika maelezo hayo yote Mkurugenzi aliambulia neno moja, hustawi, akakaza mashine hadi mwisho.

Kisha akamwalika Waziri. Sera ya Sifuri ilikuwa inasubiri baraka za mwisho ienezwe katika wizara nzima, na hakuna mfano bora kuliko tangi lake. Alishaanza hata kuchagua rangi ya mapazia ya ofisi kubwa zaidi.

"Baba watoto," alisema mkewe jioni ya kuamkia ugeni huo, akiwa ameweka kiganja kwenye kioo. "Huyu akifa, usinipe pole."

Maneno hayo yalimchoma Mkurugenzi. Lakini mashine ilikuwa inaunguruma, akajitia hamnazo.

Waziri alifika, akakataa kiti, akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Alikuwa mwanamke mnene mwenye haraka zake. Alivua miwani, akainama, akamtazama Bibi Harusi kwa muda.

"Hawa wana njaa," alisema. "Mimi pia ninafuga."

Mkurugenzi akaona amepata nafasi. Alieleza falsafa, akaeleza mkakati, akaingia awamu ya pili ya utekelezaji, akawalaumu wapinzani wa maendeleo ambao hakuna aliyewataja, hadi povu likamtoka. Nyuma yake kikombe cha mashine, iliyokuwa imekazwa kupita kiasi, nacho kikajaa na kuanza kumwagikia zulia. Waziri alitazama povu la kwanza, akatazama la pili.

"Dada," alimwuliza mke, "wewe ungefanyaje?"

"Ningetoa vijiwe, niwape samaki chakula cha kushiba, na hii mashine niiwashe asubuhi tu. Halafu nisubiri. Aliyeshinda njaa haanzishiwi pilau."

Waziri akamgeukia Mkurugenzi na kumwuliza hali ya wafanyakazi ofisini.

"Watulivu, Mheshimiwa. Malalamiko ni sifuri."

"Na chai?"

"Sifuri."

Waziri akaitikia kwa kichwa, kwa makini sana, akaondoka. Mkurugenzi alimkumbatia mkewe na kumwambia mambo yameiva.

Jumatatu wafanyakazi wote waliitwa ukumbini. Waziri alitangaza kwamba mfano wa tangi la Mkurugenzi umemgusa na utatekelezwa idarani kikamilifu, kama ulivyoshauriwa na mtaalamu wake wa nyumbani. Mkurugenzi alinyoosha tai. Madirisha yafunguliwe, alisema Waziri. Chai irudi. Sanduku la maoni lirudi ukutani. Na mashine ya povu iwashwe asubuhi tu, kisha izimwe.

Mkurugenzi, ambaye hapendi kasoro katika maagizo, alinyoosha mkono.

"Samahani, Mheshimiwa. Hapa ofisini hatuna mashine ya povu."

Kisha safu moja baada ya nyingine, watu wakageuza shingo na kumtazama. Mtu wa nyuma alicheka kwanza, na kilikuwa kicheko cha kwanza kusikika katika jengo lile tangu madirisha yafungwe.

Siku hizi Mkurugenzi hurudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Utando wa kahawia umekonda, umekwisha. Samaki wana matumbo. Bibi Harusi amerudisha zambarau yake hadi kwenye shina, na mkewe humwonyesha kila anayepita, hata msoma mita. Juzi Mkurugenzi alipima maji mwenyewe, akainua kichupa dirishani. Kilikuwa na rangi ya waridi, hafifu, na moyo wake ukafurahi kabla hajapata muda wa kuuzuia.

"Ndugu wananchi," alianza, "kwa mujibu wa vipimo vya leo, napenda kuchukua fursa hii adhimu..."

"Keti ule," alisema mkewe. "Umeshazimwa."