Malalamiko Kuhusu Ngoma Iliyowambwa Vizuri Kupita Kiasi

Kwa Mama Tulinagwe,
Mwenyekiti wa Kikundi cha Ngoma, Ikolo.

Ndugu Mwenyekiti,

Pole na mvua. Naandika kwa heshima zote, ila kwa uchungu. Ngoma yetu kubwa imeharibiwa: imetengenezwa.

Fundi Anyosisye aliivua ile ngozi ya zamani ya ng'ombe, akailoweka, akaikwangua mafuta na masizi, akaiwamba upya na kugongomea vigingi. Hakuniuliza. Mwamba ngoma huvutia kwake. Huyu kavutia mpaka mimi nimebaki sina kazi. Madhara ni haya:

1. Miaka yote mimi ndiye mpasha ngoma. Ikilegea kwa unyevu, na unyevu wa Kyela hauna likizo, uwanja mzima ulisimama kuningoja niipashe motoni. Hata mchungaji alingoja. Sasa inaanikwa juani kidogo tu, inalia. Naumia, Mama, nasema wazi. Bila moto ule mimi ni mzee tu anayelima kokoa.

2. Mpasha ngoma hukaa karibu na moto, na kwenye moto ndipo lilipo sufuria la nyama. Kuonja chumvi ilikuwa sehemu ya kazi. Jumapili nilipewa mchuzi mtupu.

3. Sauti imezidi. Inafika hadi mpakani Kasumulu. Shemeji zangu wa ng'ambo ya Mto Songwe wamevuka bila mwaliko, wamemaliza ndizi, na mmoja bado yuko kwangu, anauliza ngoma ni lini tena.

4. Zamani asiyejua kucheza aliilaumu ngozi. Sasa kila mtu anaonekana alivyo. Hata wewe Mwenyekiti umeonekana.

Kwa hiyo naomba ngozi ilegezwe. Kama fundi anaona aibu, basi imwagiwe maji kila Ijumaa, nami niteuliwe rasmi kuikausha. Ikishindikana, awambwe yeye.

Nisalimie kikundi kizima, watoto, na fundi pia, ingawa si sana. Ndaga fijo, asante sana.

Ni mimi, mwenye kuni zisizo na kazi,
Nsajigwa
Mpasha Ngoma (mstaafu bila hiari)

N.B. Jumamosi binti yangu Kisa anaolewa. Naomba ngoma hiyohiyo, na mtu asiguse hata kigingi kimoja. Jana niliisikia nikiwa shambani, miguu ikaanza yenyewe. Mahali pangu pa motoni mpeni Hezroni, yule shemeji aliyebaki kwangu. Mimi nitakuwa katikati ya uwanja, nacheza na mwanangu.